Maswali ya Wasomaji: Tunaenda misheni nje ya nchi, tukishaondoka kinabaki nini?

Barua nyingi za safari hii zimekuja na jambo moja, zile timu za kanisa zinazokwenda nchi nyingine wiki moja, mbili, mwezi, kujitolea halafu zinarudi. Wengine wanaoandika wanajiandaa kwenda, wengine wana watoto wanaokwenda, na nashukuru Mungu kuna mmoja ameandika kutoka upande wa wanaopokea, maana huo upande hausikiki kabisa. Nimezifupisha kidogo zile ndefu.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mi ni kijana, nimechaguliwa kwenye timu inayokwenda nje wiki mbili kujenga nyumba za familia zilizopoteza makazi kwa mafuriko, na jioni tutakuwa na mikutano ya injili. Nimeanza kuchangisha pesa ya tiketi. Sasa kaka yangu mkubwa ameniambia mbele ya watu kwamba hiyo hela ya ndege bora itumwe kule wajenge wenyewe, sisi tunaenda kutalii kwa sadaka za watu. Imeniuma sana, nimefunga na kuomba kwa ajili ya hii safari. Ana haki au ananivunja moyo tu?

JIBU: Amina mdogo wangu. Kaka yako angekuita pembeni akuambie, siyo mbele za watu, lakini hoja yake usiitupe kwa sababu ya hasira maana ina uzito. Mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras, maelfu ya watu wakabaki bila nyumba, na timu nyingi sana za makanisa zikapanda ndege kwenda kujenga. Baadaye mtafiti mmoja anaitwa Kurt Ver Beek, ambaye mwenyewe ni Mkristo, akazunguka kuzihoji zile familia, na alichokikuta kilichapishwa mwaka 2006. Nyumba moja ikijengwa na mashirika ya Kikristo ya hapo hapo ilikuwa inagharimu kama dola 2,000, na timu moja kutoka nje ilikuwa inatumia kama dola 30,000 ukijumlisha nauli na kila kitu, ili wajenge nyumba hiyo hiyo moja. Na familia zilizojengewa na wageni hazikuonekana kuwa na badiliko lolote la pekee maishani ukilinganisha na zile zilizojengewa na watu wa kwao. Kwa hiyo kama lengo ni nyumba, nyumba tu, kaka yako kashinda.

Na kuna kitu hata kaka yako hajakisema. Mafuriko yakibomoa nyumba yanachukua na kazi za watu, mafundi wamekaa hawana kibarua, halafu inashuka timu ya watu ishirini wanaobeba tofali bure. Nimewahi kusimama kwenye saiti ya namna hiyo nikamwangalia fundi mkuu, wageni walikuwa wamepanga kozi tatu za tofali huku wanaimba, wakaenda kunywa maji, yule fundi akaweka pima maji juu ya ukuta, kiputo kikakimbilia pembeni, akageuka kuangalia kama kuna anayemwona halafu akaanza kugonga tofali moja moja kwa mpini wa mwiko kabla saruji haijashika. Alifanya hivyo ukuta mzima, kimya kimya. Wageni waliporudi akawapa asante.

Sasa je usiende? Mi sisemi usiende. Kuna vitu pesa haiwezi kufanya, pesa haikai na mama aliyefiwa, haiombi naye, haimsikilizi akihadithia maji yalivyoingia usiku, na makanisa mawili ya nchi mbili hayawezi kuwa ndugu kwa kutumiana miamala tu. Ila kaulize kwa kiongozi wa timu nani aliyetuita? Paulo alivuka kwenda Makedonia kwa sababu aliona katika maono mtu wa Makedonia amesimama anamsihi avuke akawasaidie, iko Matendo 16. Kama kuna kanisa kule limesema njooni, tunahitaji hiki na hiki, na nyie mnakwenda kwa hicho, sawa kabisa. Kama nyie ndio mmekaa kwenye kikao mkachagua nchi, mkachagua kazi, mkachagua na tarehe, halafu ndio mkatafuta mchungaji wa kuwapokea, hapo mwambie kiongozi wako kwa heshima kwamba tumeanza na mwisho.

Ukinipa nafasi ya kupanga, ningesema hela ya ujenzi itangulie ilipe mafundi wa kule, timu ipungue iwe ya watu wachache, asubuhi mnamchotea fundi maji na kumsogezea tofali kwa maelekezo yake, mchana mnakaa na familia. Na ile barua yako ya kuchangisha iandike upya. Kama safari ni ya kutembelea ndugu na kujifunza, andika hivyo hivyo, usiandike kwamba bila wewe watu watalala nje, maana mtu akitoa sadaka anastahili kujua anatoa kwa ajili ya nini. Ukiandika ukweli utashangaa, watu wanatoa tu. Halafu mpelekee kaka yako aisome yeye wa kwanza.

SWALI: Shalom mtumishi. Binti yangu ana miaka 19, timu yao inakwenda kukaa mwezi kwenye kituo cha yatima nje ya nchi, kazi ni kucheza na watoto, kuwabeba, kuwafundisha nyimbo. Anapenda watoto kupita kiasi na mimi nimefurahi, ila kuna mtu kanitisha kasema vituo vingine ni biashara. Nimzuie?

JIBU: Mama yangu, huyo mtu hakukutisha bure, na mimi kwenye hili nitasema bila kuzunguka, nisingependa aende. Mzuie kwa hiyo kazi ila usimzuie kutumika.

Nikueleze kwa nini. Sehemu nyingi duniani watoto walioko kwenye vituo vinavyoitwa vya yatima siyo yatima, mzazi mmoja au wote wapo hai, kilichowafikisha pale ni umaskini, mzazi kaambiwa mwanao atasoma na atakula. Sasa wageni wakishaanza kuja na michango kwa ajili ya kuona yatima, anapatikana mtu ambaye kwake mtoto kituoni ni kipato, na akitaka kipato kiongezeke anakwenda vijijini kutafuta watoto wengine. Hili siyo la kubuni, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio Desemba 2019 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi na likataja wazi wazi madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima. Bunge la Australia lilipokuwa linatunga sheria ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2018 hili la vituo nalo lilikuwa mezani.

Halafu kuna mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu anamkimbilia mgeni aliyefika dakika tano zilizopita, anamng'ang'ania shingoni, na mgeni anasema jamani huyu mtoto ana upendo. Hapana, mtoto anayelelewa vizuri na watu wake anamwogopa kwanza mgeni, anajificha nyuma ya mama yake, anachungulia. Yule anayerukia kila mtu amezoea kuachwa. Binti yako atambeba mwezi mzima, atamzoea, watalia wote siku ya kuondoka, na wiki inayofuata inakuja timu nyingine na mtoto anaanza upya. Mama, hebu fikiria ni huyo wako mwenyewe alipokuwa na miaka mitatu.

Na nia nzuri haimlindi mtu. Mnakumbuka Haiti, tetemeko la Januari 2010, kabla hata mwezi haujaisha Wabaptisti 10 kutoka Marekani walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi zinazotakiwa, wanasema wanawaokoa yatima, na ikaja kujulikana wengi wana wazazi. Watu waliosali kabla ya kuondoka kwao, sina shaka.

Kwa hiyo mwambie binti yako aulize kanisa lenyeji kama kuna huduma inayosaidia familia zikae na watoto wao, iwe ni ada, kliniki ya mama na mtoto, au kuwarudisha watoto kwa ndugu zao. Huko anaweza kusaidia hata kazi za ofisini, kupanga mafaili, kupika, kufundisha walimu wa shule ya Jumapili nyimbo mpya ili wao wabaki nazo. Na popote atakapokuwa karibu na watoto, timu iwe na utaratibu: wanaokwenda wamechunguzwa kabla, hakuna mtu mzima mmoja peke yake na mtoto ndani ya chumba, hakuna mtoto kuchukuliwa kwenda hotelini hata kwa soda. Picha nazo. Kama asingependa mtu asiyemjua ampige mdogo wake picha ana kamasi halafu aiweke mtandaoni iandikwe maneno ya huruma, basi na yeye asimfanyie mtoto wa mtu. Kiongozi wa timu akisema hana huo utaratibu, hiyo peke yake inatosha kumwambia binti asubiri.

SWALI: Naomba kujua chanjo na dawa za kujiandaa nazo, tunaondoka mwezi ujao na kiongozi anasema Mungu atatulinda. Na viza je, tunaambiwa tuandike tunaenda kutalii.

JIBU: Mungu anawalinda, na daktari nako mwende mkamwone, tena wiki hii. Kama nchi mnayokwenda inadai cheti cha homa ya manjano, cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa kwa hiyo mkichelewa mtazuiwa mpakani, ila ukishachanja ni ya maisha, utaratibu huo umeanza Julai 2016, kwa hiyo hata cheti cha zamani bado kinafaa. Hii chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, wajawazito, wazee wa miaka 60 kwenda juu na wenye kinga dhaifu waseme kwa daktari kabla. Dawa za kujikinga na malaria zinatofautiana, kuna ya kumeza mpaka siku 7 baada ya kurudi na kuna ya wiki 4, na watu wengi wakishatua nyumbani wanaziacha, hapo ndipo wanapougua. Homa ikikupata hata miezi kadhaa baada ya safari mwambie daktari ulikuwa wapi, usisubiri akuulize. Bima iwe inayolipia na kusafirishwa mgonjwa.

Viza, hapana. Nchi nyingi kujitolea kunahesabika ni kazi hata kama hulipwi. Ukidanganya pale dirishani mnaweza kurudishwa, na wenyeji wenu ndio watakaobaki wanahojiwa. Mnakwendaje kuhubiri kweli na fomu yenu ina uongo? Andikieni ubalozi, waulizeni viza ya kundi la dini au la kujitolea ni ipi.

SWALI: Mimi ni nesi, kanisa letu limekusanya dawa kutoka kwa waumini na maduka, tunakwenda kufanya kambi ya matibabu siku 5 nje ya nchi. Kuna wanafunzi wa udaktari wamefurahi wanasema kule wataruhusiwa kung'oa meno na kushona vidonda, vitu ambavyo hapa hawaruhusiwi bado. Nina wasiwasi, au nakosa imani?

JIBU: Dada, imani unayo na wasiwasi wako ni wa mtu anayeijua kazi yake. Mwanafunzi ambaye haruhusiwi kung'oa jino la mtu wa nchi yake haruhusiwi kung'oa la mtu maskini wa nchi nyingine, mwili ni ule ule. Hata wewe na leseni yako, kule kuna baraza la wauguzi na la madaktari la nchi ile, lazima mpate kibali cha muda, na mwenyeji wenu awe ni hospitali au kliniki inayotambulika.

Dawa ndio panapouma. Wakati wa vita Bosnia na Herzegovina, kati ya 1992 na 1996, zilipelekwa karibu tani 17,000 za dawa zisizofaa, zilizoisha muda, zisizo na maelezo, dawa ambazo hakuna aliyeziomba, na zikawa mzigo wa kuziharibu. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa misaada ya dawa, nao unasema dawa itolewe kwa sababu mpokeaji ameihitaji na amekubali, iwe imesajiliwa au inatumika kule, iwe na maandishi yanayosomeka na wahudumu wa kule, na ikifika iwe imebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda. Vidonge vilivyobaki kwenye droo za waumini haviingii humo hata kimoja. Andika orodha, mtumie mfamasia wa kule, achague. Mara nyingi atakwambia hela mnunue hapa hapa, ni rahisi zaidi na tunazijua.

Halafu fikiria yule baba mtakayempima presha siku ya tatu mkaikuta 190. Mtampa vidonge vya mwezi. Mwezi ukiisha? Kama jina lake halijaandikwa kwenye daftari la kliniki ya pale na nesi wa pale hajakaa pembeni yako ukimweleza, umempa hofu na vidonge thelathini. Mi ningependa kambi nzima iendeshwe na wahudumu wa pale, nyie mkae kiti cha pili, msaidie foleni isogee, na jioni mkae nao mbadilishane ujuzi. Kuna daktari wa kule ana miaka kumi anatibu magonjwa ambayo nyie mmeyasoma vitabuni tu, hamna haja ya kumfanya mkalimani.

SWALI: Mtumishi, mimi ni mchungaji, kanisa letu linapokea timu kutoka nje kila mwaka. Ni ndugu zetu na tunawapenda. Lakini kila wakija shule inasimama wiki nzima watoto wawaimbie, akina mama wanaacha shughuli zao kupika, na semina ya watoto ni hadithi zile zile kila mwaka, watoto wameshazikariri. Tunachohitaji kweli ni mtu wa kutufundisha mahesabu ya kikundi cha akiba. Tukiwaambia tunaogopa watakasirika na ule msaada wa paa la kanisa utakatika. Nifanyeje?

JIBU: Mchungaji, barua yako nimeisoma zaidi ya hizi nyingine zote na nimeumia, maana mtu mwenye nyumba hapaswi kuogopa kumwambia mgeni chumba kiko wapi. Na nina hakika hao ndugu zako wengi wao hawajui kabisa. Wanaona nyimbo, wanaona chakula, wanaona tabasamu, watajuaje shule imefungwa?

Miaka mingi imepita tangu Ivan Illich, padri mwenye ulimi mkali, asimame Cuernavaca, Mexico, Aprili 1968, awaambie vijana wa Marekani waliokuja kujitolea vijijini kwamba waje kutazama, waje kupanda milima na kufurahia maua, waje kusoma, ila wasije kusaidia. Mi naona alikwenda mbali mno, maana mwili wa Kristo hauwezi kukaa kila kiungo kwake, lakini alichokiona alikiona kweli, kwamba mtu asiyekujua, asiyejua lugha yako, na ambaye huwezi kumwambia hapana, ni vigumu akusaidie. Hilo la mwisho ndilo lako Mchungaji. Mpaka uweze kusema hapana, hata ndiyo yako hawaijui ni ndiyo ya kweli au ya paa.

Kwa hiyo anza na hilo paa. Omba mambo haya mawili yatenganishwe, msaada wa jengo uwe na makubaliano yake na ripoti yake, na ziara iwe na makubaliano yake. Halafu kaa na wazee wa kanisa na hasa hao akina mama wanaopika, waulize wao ziara inawagharimu nini, muandike kila kitu, siku za kazi walizopoteza, chakula, maji, usafiri wa kwenda kuwapokea. Gharama hizo ziingie kwenye bajeti ya timu, siyo kwenye mfuko wa kanisa lako. Bwana aliwaambia wale sabini wakae katika nyumba iyo hiyo wakila na kunywa vya kwao, yaani mgeni anakwenda kwa utaratibu wa mwenyeji, basi una Maandiko upande wako, watumie na hiyo Luka 10.

Barua yenyewe iandike kwa upendo lakini isiwe na mafumbo, hawa watu ukiwaambia "labda tutaona" wao wanasikia karibuni. Mi ningeandika hivi: "Ndugu zetu wapendwa, tunamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mwaka huu hatuhitaji semina ya watoto, walimu wetu wanaimudu. Tunaomba mtutumie watu wawili wanaojua mahesabu, wakae wiki tatu na kikundi chetu cha akiba, waje wakati shule imefungwa. Zawadi zote zipitie kwa kamati yetu, asigawe mtu mkononi. Na mwaka unaofuata tunaomba na sisi tuwatumie ndugu wawili waje kukaa nanyi, wawafundishe kuomba na waone huduma yenu." Hiyo sentensi ya mwisho usiifute hata wazee wakiona aibu. Undugu unaokwenda upande mmoja siyo undugu bado.

Wakifika wawe chini ya mtu mmoja wa kwenu, siyo wewe, wewe una kondoo wa kuchunga, tafuta kijana anayejua lugha zote mbili, alipwe kwa siku zake. Miezi mitatu baada ya wao kuondoka wapigie, wasomee daftari la kikundi limefika wapi, zuri na baya. Paulo alimwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu katika kila mji walikohubiri wako hali gani, na nyie mna simu, hamhitaji hata meli.

Wakikasirika kweli na paa likasimama, niandikie tena, nitakusaidia kuandika barua ya pili. Lakini hii ya kwanza itume sasa, kabla hawajakata tiketi.